Hospisi ya watoto, na mama anayelala na viatu

Wengi wetu huku Uingereza tunaishi kwa kazi za kuhudumia wazee na wagonjwa. Kwa hiyo nikisema Jumamosi naenda kujitolea hospisi, yaani nyumba ya kuhudumia wenye maradhi yasiyopona, jibu huwa lilelile: wiki nzima umegeuza watu kitandani, siku ya mapumziko unaenda kugeuza wengine bure? Nawaelewa. Ila kule sigeuzi mtu, siruhusiwi. Tunaojitolea hatugusi dawa, hatuinui mtoto kwenye kiti cha magurudumu, hatushiki mrija wa chakula unaoingia tumboni. Hizo ni kazi za wauguzi. Siku za mwanzo mikono inawasha, hasa kama kazi yenyewe unaijua.

Hospisi ninayosema ni ya watoto, na hapo ndipo watu wanapotatizika, maana tumezoea kudhani hospisi ni mahali pa wiki ya mwisho. Hata za watu wazima haziko hivyo. Mgonjwa anaweza kulazwa atulizwe maumivu kisha akarudi kwake. Za watoto ndiyo kabisa. Ya kwanza duniani, Helen House, ilifunguliwa Oxford mwaka 1982, na chanzo chake ni urafiki: mtawa Frances Dominica alikuwa akimchukua mtoto Helen, aliyeathirika vibaya ubongo, akakaa naye ili wazazi wapumzike. Mpaka leo sehemu kubwa ya kazi ni hiyo. Mtoto mwenye ulemavu mkubwa, au maradhi ya kurithi yanayomla misuli, anakuja na familia yake siku chache, anarudi nyumbani, anakuja tena, miaka inakwenda.

Anayehudumiwa pale ni nyumba nzima. Posho ya serikali kwa mwenye kuuguza inataka uwe unamhudumia mtu angalau saa 35 kwa wiki. Mama ambaye usiku kucha anamvuta mtoto makohozi kwa mashine huzimaliza saa hizo kabla ya Jumatano. Akifika hospisi hajui afanye nini na mikono yake. Nilimwona mmoja amekaa na koti lake, mkoba mapajani, chai imepoa, kila mashine ikilia anainuka. Kazi yangu ilikuwa kumletea chai nyingine na kukaa naye bila kumhoji. Baadaye usingizi ulimchukua palepale kwenye kochi, viatu miguuni, na hakuna aliyethubutu kumwamsha.

Mimi hupangiwa zaidi ndugu wa mgonjwa. Ni watoto waliozoea kuambiwa "subiri kidogo" tangu wapate akili. Kuna kijana mmoja tunacheza naye karata. Habari za dada yake hataki kuzigusa. Anataka kunifunga tu, na akinifunga anatangaza mpaka jikoni. Ole wako umwachie ashinde kwa huruma, atakugundua.

Kuanza kuna makaratasi: fomu, wadhamini, uchunguzi wa rekodi ya jinai (kwa anayejitolea ni bure), kisha mafunzo. Hata wanaosubiri uamuzi wa maombi ya hifadhi, ambao kwa kawaida hawaruhusiwi kuajiriwa, wanaweza kujitolea kwenye mashirika ya hisani. Kama moyo hauko tayari kukaa na wagonjwa, kuna bustani, mapokezi na maduka ya mitumba ya hospisi. Msiyadharau maduka hayo. Familia hailipi chochote, na fedha ya serikali haitoshi, kwa hiyo mshahara wa muuguzi wa usiku unatoka pia kwenye makoti yaliyovaliwa na wengine.

Kinachoniuma ni kwamba familia za kwetu siwaoni. Watoto wenye mtindio wa ubongo tunao, ila mgeni akibisha hodi mtoto anahamishiwa chumbani. Wengine wanaogopa maneno ya watu, wengine wanaogopa kwamba ukikiri umechoka, ustawi wa jamii watakuja kumchukua mwanao. Matokeo yake mtu anatafuta msaada akiwa ameshaanguka kazini.

Hospisi nyingi za watoto hupokea simu ya mzazi mwenyewe, si lazima ungoje barua ya daktari. Taarifa za kitabibu wataziomba baadaye, kwa ridhaa yako. Na kama Kiingereza kinakupiga chenga, omba mkalimani mapema. Usimbebeshe binti yako mkubwa kazi ya kutafsiri ugonjwa wa mdogo wake.