Kuripoti kampuni moja tu, kila siku
Watu wakisikia naripoti habari za kampuni kubwa ya teknolojia hudhani kazi yangu ni kuchezea simu mpya kabla yao. Laiti! Muda mwingi nasoma makaratasi. Kampuni ya Marekani iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa la huko huwasilisha kwa SEC, mamlaka inayosimamia masoko ya hisa ya nchi hiyo, ripoti ya kila mwaka, fomu 10-K, na jambo zito likizuka katikati ya mwaka kwa kawaida ina siku 4 za kazi kulitangaza kwa fomu 8-K. Mimi huanza na kurasa za hatari zinazoikabili biashara, maana pale wanasheria wao huandika yale ambayo msemaji hatayatamka jukwaani hata umbembeleze vipi. Nalinganisha na za mwaka uliotangulia, sentensi kwa sentensi. Nikiona neno "huenda" limefutwa, nasimama hapo hapo.

Juzi nilimtumia msemaji maswali 7. Baadaye sana akajibu kwa mstari mmoja: "Hatuna la kusema." Hazikupita dakika 5, simu ikaita. Yeye huyo, sauti ya chini: "Usininukuu, lakini swali la tatu umekosea."

La tatu tu? Basi yale mengine 6... haya, nikarudi mezani mbio.

Kinachoniudhi ni mialiko. Ukiandika kitu kichungu, uzinduzi unaofuata hualikwi. Tangu mwezi wa tatu sijaona barua pepe yao. Ila kusema kweli, mtandaoni naona jukwaa vizuri kuliko kile kiti cha nyuma walichokuwa wananipa.