Fremu za nakshi bila kuvunja kibubu

Kinachokula hela kwenye fremu ni kioo. Nilipoanza kukata nakshi za plaiwudi kwa msumeno wa umeme hapa Bagamoyo, nilipeleka Bismillahi moja kwa fundi fremu. Bei aliyonitajia ilizidi plaiwudi, msasa na vanishi kwa pamoja, nami nilitaka kuwauzia wageni wanaozunguka Mji Mkongwe. Nikamwuliza, "Mzee, tukitoa kioo itakuwaje?" Akacheka. "Mwanangu, ukitoa kioo unabaki na kibao na mashimo."

Lakini mashimo ndiyo yenyewe. Nakshi ya kutoboa huishi kwa kivuli chake. Tazama roshani za ile Zahanati ya Zamani ya ufukweni Unguja, jengo lililoanza kujengwa mwaka 1887: zinapendeza kwa sababu jua na upepo vinapita katikati. Ukiigandisha nakshi juu ya ubao wa nyuma, inafanana na karatasi. Ukiinyanyua milimita 5 hadi 10 kutoka kwenye ubao huo, mwanga ukija ubavuni, mistari yote inajirudia kwa nyuma. Kioo hapo kinaongeza uzito na mng'ao wa dirisha la jirani tu. Kwa hiyo pesa yangu naiweka kwenye kina cha fremu.

Fremu zenyewe nanunua zile za vyeti zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule. Ni za ukubwa wa A4, yaani milimita 210 kwa 297, ziko kila mahali na bei yake haitishi. Siku hizi naanza na fremu mkononi, ndipo nakuza au kupunguza mchoro uingie humo na kuacha nafasi ya vidole viwili pembeni. Anayekata kwanza halafu akaanza kutafuta fremu, huyo ataishia kwa fundi tu, maana vipimo vyake havimo dukani.

Tatizo la fremu hizi ni kwamba mfereji wake wa nyuma ni mwembamba, umetengenezewa karatasi. Naongeza kina kwa vipande vya mbao nyuma yake, pande zote nne, kwa gundi ya mbao. Vipande navipata kwa maseremala: mabaki ya mninga na mkongo ambayo yangeishia jikoni. Pembe za nyuzi 45 sijisumbui nazo hapo, kwani hakuna anayeziona. Fremu za mtumba nazo nanunua, ila nageuza kwanza kuangalia matundu ya bungua. Nikiona unga unadondoka, narudisha mezani.

Nyuma ya nakshi naweka kaniki. Weusi wake unaibeba plaiwudi nyeupe kuliko kitambaa chochote nilichojaribu, na kipande kidogo kinatosha fremu kadhaa. Naipiga pasi, naivuta juu ya hadibodi nikianzia katikati ya kila upande, kona mwisho, ili isifanye mikunjo. Wateja wengine wanadai kanga. Nawafanyia, lakini moyoni sikubali: maua ya kanga na maua ya nakshi yanagombana.

Cha kunyanyulia ni kandambili zilizokatika. Soli yake ina unene unaofaa na inakatika kwa kisu. Nakata vipande vidogo, navificha chini ya sehemu pana za nakshi, nashikiza kwa gundi ya viatu.

Maandishi ya Kiarabu yana kazi yake ya ziada. Bismillahi nzima ina nukta nne, moja ya be, moja ya nun, mbili za ye, na zote zikikatwa zinadondoka peke yake. Wengi wanazibandika kwa kukisia, na nukta ikikaa kombo kila anayesoma anaiona. Mimi situpi ubao uliobaki baada ya kukata. Nautandaza juu ya kaniki, natia nukta kwenye matundu yake kila moja ikiwa na kipande chake cha kandambili, gundi ikishika nautoa taratibu, kisha maandishi yanafuata mahali pake.

Pwani hapa adui ni unyevu na chumvi. Plaiwudi ya milimita 3 ukiipaka vanishi upande mmoja tu, itapinda: upande mkavu unanyonya unyevu, ule uliopakwa haunyonyi. Napaka kote kuwili, hata pasipoonekana. Visumari vya chuma vinatoa kutu na kuchora michirizi kwenye ukuta mweupe, kwa hiyo natumia skrubu za shaba pale pasipo budi, na kwa kuning'iniza natumia mshipi wa kuvulia. Mshipi hauoti kutu, na soko la samaki liko jirani.

Nyumba za zamani za mawe na chokaa zina kero yake: ukipiga msumari, plasta inamomonyoka. Humo nashauri kutopigilia kabisa. Kama kuna kidaka ukutani, simamisha fremu humo, na ukiweza weka taa ya mkanda nyuma ya nakshi badala ya kaniki. Dirishani pia inafaa, bila ubao wa nyuma, ila rangi itapauka mapema kwa jua.

Vumbi ndilo swali ambalo kila mteja huniuliza akisikia hakuna kioo. Brashi laini ya rangi, kavu, inapita kwenye matundu yote. Jikoni tu ndiko siuzi hivi, maana moshi na mafuta yakinata kwenye kaniki hayatoki. Anayetaka ya jikoni namwelekeza kwa yule mzee wa fremu, amwekee kioo chake.