Pikipiki ya kwanza: ipime kwa miguu yako

Ndugu zangu wa Dodoma, msianze na bei. Ikiwa imezimwa, ikalie ukiwa umevaa viatu vya kila siku. Nusu ya mbele ya nyayo zote mbili ikanyage chini. Ukigusa kwa ncha za vidole tu, kwenye mchanga itakulalia pale unaposimama, kwa sababu mguu unazama kabla haujapata nguvu.

Kisha shuka, isukume kinyumenyume hatua tano, uisimamishe kwa stendi yake kubwa, ile ya katikati chini ya injini. Hapo hainuliwi kwa mikono: kanyaga stendi kwa uzito wa mwili wote. Nyingi za cc 100 hadi 150 zina kilo 110 mpaka 130, na petroli lita 10 huongeza kilo 7 hivi.

Klachi ngumu? Waya wake upakwe oili kwanza, usiikatae pikipiki haraka.