Likizo ya uzazi ya mhadhiri: panga makala kabla ya nguo za mtoto

Mhadhiri akijifungua Machi, mwaka huo hakuna anayeona upungufu. Makala zilizokuwa kwa wahakiki, wataalamu wanaozipima kabla hazijachapishwa, zinaendelea kutoka na jina lake limo majaridani kama kawaida. Pengo hujitokeza mwaka unaofuata au ule wa tatu, kwa kuwa makala huchukua miezi mingi tangu iwasilishwe hadi ichapishwe. Wakati huo ndipo wengi wanaomba kupandishwa kuwa mhadhiri mwandamizi, na kamati ikisoma wasifu inaona ukame tu.

Utafiti uliochapishwa 2021, kuhusu wahadhiri 3,064 wa idara 450 za vyuo vikuu vya Marekani na Kanada, ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti ya uchapishaji kati ya wanawake na wanaume inatokana na uzazi, na kwamba akina mama hushuka kwa muda mfupi tu. Muda mfupi huo ndio wa kupangia. (Sisi wa Nairobi tuna foleni ya magari ya Thika Road juu yake.)

Mimba ikifika miezi 5 hivi, orodhesha kila makala na hatua yake: data inakusanywa, inachanganuliwa, ni rasimu, iko kwa wahakiki, imerudi na marekebisho. Usizigawie nguvu sawa. Rasimu iliyokaribia kuisha ndiyo ya kusukuma hadi iwasilishwe kabla ya wiki ya 34, ili kungoja wahakiki kuangukie ndani ya likizo. Ukusanyaji wa data mpya usiuanze. Unapowasilisha, mwandishi mwenza ndiye awe wa kuwasiliana na jarida. Kumbadilisha baadaye kwa kawaida hudai idhini ya waandishi wote. Marekebisho nayo huja na tarehe ya mwisho, na ikipita, majarida mengi huihesabu makala kuwa mpya na kuirudisha mwisho wa foleni. Mwandikie mhariri mapema, sentensi mbili zenye tarehe unayoomba. Wengi hukubali. Kinachowaudhi ni kimya.

Leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi nchini Kenya, ni ya mwaka 1, na kibali cha kamati ya maadili ya utafiti kwa kawaida vilevile. Kikiisha ukiwa nyumbani huku msaidizi wako anaendelea kuhoji watu Mathare, data ya siku hizo ina dosari, na utakwama jarida likidai namba na tarehe ya kibali. Omba upya kabla ya kuondoka.

Sasa barua ya likizo. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinampa mama miezi 3 kwa mshahara kamili, kwa notisi ya maandishi ya angalau siku 7, na likizo yake ya mwaka haipotei. Siku 7 hazimsaidii mkuu wa idara anayegawa masomo. Mpe barua miezi 2 kabla ya muhula. Ukiona siku ya kurudi inaangukia wiki ya nne ya muhula, omba kwa maandishi usipangiwe somo, upewe usimamizi wa tasnifu. Mipango ya mdomo ndiyo inayoumiza: mwenzako anakushikia darasa, unarudi unakuta mitihani ya wanafunzi 200 haijasahihishwa, na muhula unaofuata unaongezewa somo ili ulipe. Likizo si mkopo. Wanafunzi wa uzamili nao wapate msimamizi wa pili anayetambuliwa rasmi, la sivyo sura zao zitakungoja wewe.

Likizo inaisha miezi 3, na Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee hadi miezi 6. Ratiba ndiyo inayoamua kama hilo litawezekana. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea chenye pa kunawia, friji, umeme wa pampu, kiti na meza, na atoe mapumziko ya kunyonyesha au kukamua, jumla isiyozidi saa 1 kwa kila saa 8 za kazi. Somo la saa tatu mfululizo linavuruga yote. Ukitoka mtaa wa Kahawa saa kumi na mbili asubuhi na kufundisha mjini kuanzia saa mbili hadi saa tano, umekaa saa tano bila kukamua; matiti yanajaa, yanauma, na siku zikipita hivyo maziwa hupungua. Kamua ukifika, kabla ya darasa, kisha saa tano, kisha saa nane. Maziwa hukaa saa 4 kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, saa 24 kwenye kikoba chenye vipande vya barafu, siku 4 kwenye friji. Andika tarehe na saa kwenye kila chupa. Madarasa ya jioni yakatae muhula huo.

Dada wa nyumbani aanze wiki 3 kabla hujarudi kazini. Na Desemba uwe na mtu wa akiba, maana anayekwenda nyumbani Krismasi kurudi kwake ni majaliwa, na matokeo ya mitihani hayamngoji.

Kwenye wasifu, andika tarehe za likizo waziwazi. Baraza la Utafiti la Ulaya humwongezea mama miezi 18 kwenye muda wa kustahili kuomba ruzuku kwa kila mtoto, akiambatisha cheti cha kuzaliwa. Lakini kuongeza muda peke yake kuna mtego. Utafiti wa 2018 kuhusu idara 50 za juu za uchumi Marekani uligundua kwamba akina baba na akina mama walipoongezewa muda sawa kabla ya kutathminiwa kwa ajira ya kudumu, wanaume walizidi kuipata na wanawake wakapungua. Chuo chako kikianza kulijadili hilo, dai nusu ya mzigo wa kufundisha kwa anayenyonyesha, muhula mzima wa kwanza.