Korongo aliyekwaruzwa shingo

Nimetoka Mwanjelwa, hapa Mbeya, sasa hivi, vidole bado vinanuka rangi ya mafuta.

Mdogo wangu ana skeitibodi, ule ubao wa magurudumu wa kusimamia na kuteleza. Wiki iliyopita tuliipeleka kwa mzee mmoja anayechora vibao vya maduka, tukamwomba atuchoree korongo upande wa chini. Manyoya aliyatia nukta kwa nukta, kwa mtindo ule wa Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyeanza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi.

Leo dogo akataka mzee aone ubao unavyotumika.

Akashika kasi, akaruka, akatua tumbo la ubao juu ya ukingo wa saruji, akaserereka nao.

Ule mlio! Moyo ulinilipuka.

Tukaugeuza. Shingo ya korongo imekatika. Mkwaruzo mpana kama vidole vitatu, rangi yote imetoka, mbao nyeupe inaonekana.

Dogo akainamisha kichwa. "Mzee, nisamehe."

Mzee akapitisha kidole gumba pale palipochubuka, taratibu, kama anapapasa kidonda cha mtoto. Akakaa kimya muda mrefu.

"Vibao vyangu vinapauka tu juani, hakuna anayevigusa. Huyu ameruka, mwanangu."

Akafungua kopo la rangi nyekundu, akauzungushia mkwaruzo mstari mwembamba. Hakuuziba.

Mpaka sasa nauona ule mstari.

Wachoraji na wana skeiti wa Mbeya, ingekuwa nyie mngeziba au mngeacha? Niambieni hapa chini, na mkiwa na picha za mbao zenu ziwekeni.