Huu mlango unafunguka paneli ngapi?

Kuchora sijui. Naanza na hilo kabisa tusipotezeane muda, maana kila nikimwambia mtu naandika komiki anataka aone michoro na mi sina hata mmoja wa kumwonyesha, nikijaribu kuchora mtu anatoka kama kijiko. Ninachofanya mi ni skripti. Yaani yale maelezo anayoyasoma mchoraji kabla hajashika penseli, ukurasa huu una paneli ngapi (vile visanduku vya picha), kwenye kila paneli kuna nini, nani kasimama wapi, anasema nini. Naandika usiku nikishamaliza mambo yangu, silipwi, na nyingi zimelala tu kwenye folda hazijachorwa na huenda zisichorwe milele.

Nilivyoanza nilidhani ni kazi nyepesi kuliko kuandika hadithi ya kawaida. Si picha zote anabeba mwenzangu? Mi nabaki na mazungumzo tu. Basi nikaandika skripti yangu ya kwanza, kurasa nane, nikamtumia rafiki yangu mmoja anayechora, akakaa kimya siku mbili, afu akanijibu mstari mmoja: "Huu mlango unafunguka paneli ngapi?"

Sikumwelewa. Nikarudi kusoma. Ukurasa wa kwanza paneli ya tatu nilikuwa nimeandika hivi: Dada anafungua mlango, anaingia, anaona barua mezani, anaichukua, anaisoma na kuanza kulia. Mi nikaona iko poa tu, kichwani mwangu ilikuwa inatembea kama sinema. Sasa ye anatakiwa achore picha moja. Moja, na haisogei. Achore mkono ukiwa kwenye kitasa, au barua ikiwa mkononi, au machozi? Maana kama analia basi mlango ulishafunguliwa zamani na barua ilishasomwa, vyote havikai pamoja labda dada umpe mikono sita.

Hapo ndo nilipogundua kwamba mi nilikuwa naandika filamu nikaiita komiki. Paneli imeshika nukta moja ya muda basi, ukitaka nukta ya pili unafungua paneli ya pili, na kila paneli inakula nafasi ya ukurasa ambao wenyewe kwa kawaida unabeba tano au sita tu kabla haujaanza kubanana. Kinachotokea katikati anakijaza msomaji, pale kwenye kile kimwanya cheupe kati ya paneli na paneli. Scott McCloud, yule aliyetoa mwaka 1993 kitabu kizima cha kuelezea komiki kwa kutumia komiki yenyewe, anaeleza jambo hili vizuri sana, kwamba msomaji ndo anayeunganisha vipande viwili kichwani mwake hadi vinakuwa tukio moja.

Basi nikaandika upya ule mlango. Kwanza nikaukata vipande vinne, mkono, meza, barua, uso. Ikawa sahihi lakini inaboa, unaona kabisa mtu anahesabiwa hatua. Jaribio la tatu nikautoa mlango wote. Paneli ya kwanza, bahasha iliyochanwa iko mezani. Paneli ya pili, dada tunamwona mgongo, kasimama dirishani. Hakuna neno hata moja. Hakulia wala nini na bado inauma zaidi kuliko ile ya kwanza niliyomwaga machozi.

Kosa langu lingine lilikuwa maneno, jamani nilikuwa napenda kuongea! Mhusika mmoja alikuwa na kiputo, kile kiduara cha maneno, kirefu kiasi kwamba angekuwa mtu wa kweli angeishiwa pumzi. Kuna kipimo anachokisimulia mwandishi wa komiki Alan Moore, anasema kimetoka kwa Mort Weisinger aliyekuwa mhariri wa komiki za Superman, kwamba ukurasa wenye paneli sita usizidishe maneno 35 kwa paneli, ambayo ni 210 kwa ukurasa mzima, na kiputo kimoja kikifika maneno 25 basi hapo ndo mwisho. Nikakishika kile kipimo kama msahafu, nikawa nahesabu neno kwa neno, na viputo bado vinamfunika mtu kichwa! Nimekaa na hiyo shida wiki nzima ndo nikashtuka kwamba kipimo ni cha Kiingereza na mi naandika Kiswahili. Chukua "nisingemwambia". Ni neno moja hilo, lakini ndani yake nimo mimi, yumo yeye, kukanusha kumo na sharti limo, herufi 14 zimepangana na hazikatiki vizuri kwenye kiputo ambacho ni duara jembamba. Siku hizi sihesabu maneno, naangalia urefu wa mstari, na mhusika akiweza kusema "Sikusema" hasemi "Nisingemwambia".

Kiswahili kimenisumbua na sehemu nyingine ambayo sikuitegemea. Nikiandika "anamtazama, anamsukuma, anaanguka" mi najua vizuri kabisa nani kamsukuma nani, mchoraji hajui. Huyo "a" ni mwanamke, ni mwanaume, ni yule mzee wa paneli iliyopita? Kwenye hadithi msomaji anajiongeza, kwenye skripti mtu anachora mzee anaanguka wakati alitakiwa aanguke kijana. Kwahiyo nataja kila mtu kwa jina lake kila paneli, hata kama inasomeka kama orodha ya mahudhurio. Na anayeongea kwanza namweka kushoto, maana tunasoma kutoka kushoto, ukimweka kulia mistari ya viputo inapishana na jibu linasomwa kabla ya swali.

Kitu ambacho nimekipenda ni kwamba hakuna fomu rasmi. Skripti ya filamu ina mpangilio wake unaojulikana, ya komiki kila mtu anaandika anavyojua ilimradi mchoraji aelewe. Wapo waliokuwa wanampa mchoraji kisa tu kwa ufupi, anachora kurasa zote, maneno yanaandikwa baadaye juu ya picha, ndo alivyokuwa akifanya Stan Lee, mwandishi wa komiki za Marvel, na wachoraji kama Jack Kirby na Steve Ditko miaka ya 1960. Halafu upande wa pili kabisa yupo huyohuyo Moore, ambaye mchoraji wake Dave Gibbons alisema skripti ya toleo la kwanza la komiki yao Watchmen ilikuwa kurasa 101 zilizopigwa taipu bila kuachwa nafasi. Toleo moja! Mi nimejaribu njia zote mbili na kile kisa kifupi kilinishinda, nilijikuta namvizia jamaa kwa ujumbe kila saa, "usisahau kofia", "kofia iwe nyeusi", ikabidi niandike tu maelezo yote mapema nimwache apumue.

Ah, na siri msiweke ukurasa wa tano. Nilifanya hivyo mimi. Kitabu kinachosomwa kutoka kushoto, ukurasa wa kwanza uko kulia, kwahiyo wa nne na wa tano vinatazamana, na msomaji akifunua tu jicho linaona sura ya muuaji upande wa pili kabla hajasoma chochote. Mshtuko unakaa ukurasa wa namba shufwa, ule unaokutana nao ukishafunua. Kwenye simu unakoshuka kwa kidole hiyo haina kazi, kule unacheza na umbali, unaacha eneo refu tupu ndo sura inatokea.

Kinachonichekesha kwenye hobi hii ni kwamba sehemu kubwa ya ninachoandika hakuna atakayekisoma. Naweza kukesha na sentensi ya mwanga unaoingia dirishani, niichonge hadi inang'aa, na ina msomaji mmoja tu duniani, naye akishaichora anaitupa. Mwanzo iliniuma kidogo. Sasa hivi namwandikia yeye kabisa, nimejua anachoka na maelezo ya nguo, anapenda nikimwambia mtu anajisikiaje kuliko nikimwambia aweke mkono wapi, farasi hataki kuwachora, hivyo hadithi zangu hazina farasi.

Wiki iliyopita amenitumia ule ukurasa wa kwanza, umechorwa. Bahasha ipo, dirisha lipo, mgongo upo. Ila paneli ya pili kuna kitu pembeni chini ambacho sikukiandika, viatu, jozi mbili, vimepangwa karibu na mlango niliouondoa mwenyewe. Na mi niliandika wazi kabisa kwamba dada yuko peke yake nyumbani.

Sijamuuliza ni vya nani. Nimefungua faili, nimeshaanza ukurasa wa tisa.