Muwa Mdomoni

Sauti ndiyo mtaji wangu. Miaka kumi na minne nimepiga debe stendi ya Babati, na kila safari nimeipa mwito wake. Arusha unaivuta mpaka pumzi iishe. Singida unaikata katikati. Katesh unaitupa kama jiwe. Abiria wakiwa wawili, ukiita vizuri wanakuwa saba, hata ambaye hakuwa na safari anaanza kujipapasa mifukoni. Mke wangu anasema nikimnong'oneza jambo usiku, jirani ndiye anayejibu. Nayatanguliza haya ili muelewe mwanangu aliniomba kitu gani aliponiomba ninyamaze.

Ilikuwa mwishoni mwa Mei 2019, yeye yuko darasa la sita. Wakati huo wa mwaka shule za msingi zina homa moja tu, UMITASHUMTA, mashindano yao ya michezo ya nchi nzima. Shule inatoa wachezaji wake, kata inachuja, wilaya inachuja, mkoa unaweka kambi, halafu ndiyo taifa. Mwaka ule taifa ilikuwa Mtwara. Mtu wa Babati ukimwambia Mtwara anakuuliza kama huko bado ni Tanzania. Mimi nimeita majina ya miji maisha yangu yote na Mtwara sijawahi kuiita, hakuna gari linaloondoka kwetu kwenda huko. Na sasa nyumbani kwangu kulikuwa na mtoto wa miaka kumi na miwili ambaye, mbio zikimwendea vizuri, angeweza kuiona bahari kabla yangu.

Mbio alizitoa wapi? Mimi sijui kukimbia, nilichojua ni kudandia gari likiwa kwenye mwendo. Babu yake anadai ni zake, ingawa hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Baba yangu ni mzaliwa wa Karatu, na mzee wa Karatu ukimpa kikombe cha chai tu atakueleza habari za Filbert Bayi kana kwamba walilala kitanda kimoja. Februari 1974, Christchurch, New Zealand, Michezo ya Jumuiya ya Madola, mita 1500. Dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Hizo tarakimu mzee anazo kichwani, siku niliyozaliwa mimi hanayo. "Bayi hakusubiri mtu," husema. "Wenzake wanapimana, wanaviziana, yeye yuko mbele tangu mwanzo, anawaambia haya, njooni. Mpaka kwenye utepe." Binti yangu aliisikia hadithi hiyo mara mia akiwa anapukuchua mahindi au anachambua mbaazi. Tulidhani anasikiliza kwa adabu.

Kwenye mbio za kata akafanya vilevile. Alitoka mbele kama aliyeibiwa kitu na mtu aliyeko mbele zaidi, wenzake wakamwona mgongo mizunguko yote. Na mimi nilikuwepo. Hapo ndipo ulipoanzia ubaya.

Nilikuwa nimesimama na wazazi wengine, kwa heshima kabisa, mikono nyuma. Alipopita mara ya kwanza nikasema, "Haya, mama." Mara ya pili nikasema kwa nguvu kidogo. Mara ya tatu sijui ni nini kilinipata. Nilijikuta nimeingia ndani ya uwanja, nakimbia pembeni yake na kandambili zangu, naita, "Kanyaga! Kanyaga twende! Kanyaga mama, barabara nyeupe!" Kandambili moja ikaruka ikaangukia kwenye sufuria la mama muuza mihogo. Mwalimu wa michezo akanifukuza kwa fimbo ya bendera, mtu mzima mwenye familia. Uwanja mzima ulicheka. Mwanangu alishinda, lakini sidhani kama kuna aliyemtazama akivuka mstari. Walikuwa wananitazama mimi nikitafuta kandambili.

Kesho yake stendi niliendelea. "Arusha, Arusha! Mwanangu wa kwanza kata nzima! Arusha, siti mbili za mbele!" Abiria wakanipongeza, mmoja akaniachia elfu moja. Nilikuwa na furaha ya kijinga, ile ya mtu aliyepewa zawadi ambayo hakuifanyia kazi. Sikujua kwamba shuleni watoto wamekwisha kumbadilisha jina mwanangu. Akiingia darasani wanamwita Kanyaga. Akienda bombani, Kanyaga.

Siku moja kabla ya mbio za wilaya, jioni, alinifuata uani nikiwa naosha miguu. Akachuchumaa pembeni ya beseni.

"Baba, naomba nikwambie kitu. Usikasirike."

"Sema, mama."

"Kesho usije."

Nilidhani hana nauli, au kuna mchango wa shule anaogopa kuutaja. Nikamuuliza kwa nini. Akachora chora chini kwa kijiti.

"Ukipiga kelele nasikia wewe tu. Miguu yangu siisikii."

Ningeweza kukasirika. Baba yangu mimi angekasirika, na ndoo ingepigwa teke. Lakini mwanangu hakunijibu kwa ukaidi, alinieleza kama fundi anavyokueleza kwa nini hataki ushike msumeno wake. Nikamwambia sawa, sitakuja, nina kazi nyingi stendi. Mke wangu alisikia kutoka jikoni. Usiku akaniambia, "Umeahidi." Nikamwambia nimeahidi. Akasema, "Nakujua."

Asubuhi kulikuwa na baridi ile ya kwetu, ukungu umekaa juu ya mlima Kwaraa kama kilemba, ziwa halionekani. Nikavaa koti langu jeusi, nikaenda stendi, nikaita magari mawili. Saa nne nilikuwa kwenye bodaboda.

Kiwanja kilikuwa cha shule moja ya nje kidogo ya mji, nyasi zimefyekwa, mistari imechorwa kwa chokaa. Nyuma ya kona ya kwanza kulikuwa na stoo ya shule. Nikaona hapo ndipo pangu. Ukiegemea ukuta wa pembeni unaona uwanja wote, na aliye uwanjani anaona ukuta tu. Nikanunua pingili nne za muwa kwa kijana wa baiskeli. Watu wakadhani nina njaa. Nilitaka mdomo uwe na kazi.

Mita 1500 ni mizunguko mitatu na robo tatu. Wanaanzia upande wa mbali, wanakuja moja kwa moja kama mita mia, halafu ndiyo wanaikuta kona ya kwanza. Kona hiyo ilikuwa hapa nilipo, hatua kama ishirini. Niliwahesabu kwenye mstari, kumi na mmoja. Wangu alikuwa peku, bukta ya bluu, amefunga nywele kwa kipande cha kanga ya mama yake. Alionekana mdogo. Nyumbani tulikuwa tumemzoea kama mkubwa, dada wa watoto wawili, anabeba ndoo kichwani bila kuishika. Pale kulikuwa na mabinti wenye mapaja kama ya walimu wao.

Filimbi ikalia. Akatoka kama Bayi.

Tatizo la kutoka kama Bayi ni kwamba hadithi hiyo wazee wameisimulia hata vijiji vingine. Watatu walitoka kama Bayi. Wakafika kwenye kona pamoja, kila mmoja anaitaka ndani, mguu ukamkuta mwenzake, na wangu akaenda chini. Hakujikwaa na kusimama. Alianguka kabisa, uso kwenye nyasi, wengine wakamruka, mmoja akamkanyaga mkononi. Nililiona goti likipasuka. Namaanisha nililiona, hatua ishirini.

Nilikuwa na pingili nzima mdomoni. Nikaing'ata, nikahisi kitu kama jino kimelia. Koo lilikuwa linakuja, miaka kumi na minne ya stendi yote ilikuwa inapanda kwa pamoja, na nikameza. Makapi yote, na maji yake, na ganda. Macho yakanitoka. Mzee mmoja aliyekuwa karibu, mwenye mgolole, akanigonga mgongoni akidhani nimepaliwa, na kweli nilikuwa nimepaliwa.

Niliporudisha macho alikuwa amesimama. Alijitazama goti mara moja tu, kama mtu anayesoma bei. Halafu akaanza kukimbia, mguu mmoja unaogopa ardhi, wenzake wamemwacha kama urefu wa Fuso na tela lake.

"Huyu ni Akhwari," mzee akasema. Kwetu Manyara huhitaji kueleza. John Stephen Akhwari ni wa Mbulu, jirani hapo. Marathoni ya Olimpiki ya Mexico, Oktoba 1968, alianguka akaumia goti na bado akaingia uwanjani giza limeshatanda, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi, akichechemea na bandeji. Mzee alisema kwa upole, nadhani alikuwa ananipoza bila kujua mimi ni nani. Lakini moyoni nilimkatalia. Akhwari alimaliza wa mwisho. Nilimtazama yule mtoto anavyoshusha mabega na nikajua hana mpango wa kumaliza wa mwisho.

Mzunguko uliofuata mguu ulikuwa umeacha kuogopa. Alipopita kona yangu alikuwa wa tisa. Sikuwahi kumwona hivyo. Nyumbani akikimbia kumfukuza mbuzi anacheka, mikono inarushwa huku na huko. Hapa uso ulikuwa umefungwa, macho yametulia kwenye mgongo wa aliye mbele, na midomo inatikisika. Alikuwa anahesabu. Anahesabu hatua, au pumzi, sijui. Damu ilikuwa imeshuka mpaka kwenye kifundo. Nikaelewa alichoniambia kando ya beseni. Kulikuwa na mazungumzo pale kati yake na miguu yake, na mimi ningekuwa mlevi aliyeingia kwenye kikao cha watu.

Nikatia pingili nyingine mdomoni.

Wa saba. Kona ya mbali, wa sita, wa tano. Mara ya mwisho anapita kwangu alikuwa wa nne na wa tatu yuko hatua tano mbele. Nilijigandamiza ukutani kwa mgongo, nikisukuma stoo ya watu kana kwamba ina magurudumu. Alimpata yule binti karibu kabisa na uzi. Wa kwanza na wa pili walikuwa wameshafika zamani, na ni wawili tu waliokuwa wanaandikwa kwenda kambi ya mkoa.

Hakulia. Hicho ndicho nilichokuwa nakisubiri, alie, nitoke mafichoni nimbebe kama zamani. Alikaa kwenye nyasi, wenzake wa shule wakaja na chupa ya maji wakammwagia gotini, mmoja akasema neno, na akacheka mpaka akalala chali. Yule mshindi, mrefu, wa shule nyingine, akaja akamnyooshea mkono, akamwinua. Wakasimama wakiongea, wameshika viuno kama mafundi waliomaliza kumwaga zege. Sikujua wanaongea nini. Nilitamani kujua kuliko nilivyowahi kutamani kujua kitu chochote, na nilikuwa na wivu, sitaficha.

Mbele yangu palikuwa na kichuguu cha makapi. Nikampa mzee pingili iliyobaki, nikatafuta bodaboda.

Stendi nikavua koti, nikalitundika kwenye msumari wa kibanda, nikaita magari mpaka saa kumi na mbili. Wenzangu waliniuliza kulikoni, leo naita Singida hata gari halijaingia.

Nilifika nyumbani nikamkuta ameshafika, ameoga, amejifunga kanga mpaka kwenye vifundo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Za huko?"

"Nzuri."

"Mbio je?"

"Nimekuwa wa tatu."

"Kati ya wangapi?"

"Kumi na mmoja."

Nikatikisa kichwa kama mtu anayepokea habari ngeni. Nikamuuliza ilikuwaje. Akasema wale wawili walikuwa na mbio sana, yule wa kwanza anatoka huko milimani, anakwenda shule kilometa sita kila siku. Akasema kona ya kwanza ilikuwa na msongamano. Basi. Neno la kuanguka halikutoka. Mama yake alikuwa anamimina maji ya moto yenye chumvi kwenye beseni, hakuuliza ni ya nini, na mimi sikuuliza ni ya nini.

"Mwakani utaenda," nikasema. Mwakani ilikuwa 2020. Machi shule zikafungwa kwa corona, na waliporudi mwishoni mwa Juni wao ni darasa la saba, wanafunzi na walimu wanawaza mtihani tu. Lakini jioni ile hakuna aliyejua hayo, na aliitikia, "Ndiyo, baba," kwa sauti ya mtu ambaye ameshaanza kupanga.

Baridi ilikuwa imerudi, nikavaa koti nitoke nikamsalimie babu yake, anasubiri habari. Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita.

"Baba, hebu geuka kidogo."

Nikageuka. Akaja nyuma yangu, akichechemea kidogo sana, na nikahisi kiganja chake kinanipiga mgongoni, polepole, kutoka begani kwenda chini, halafu bega la pili. Mwaka juzi tu angehitaji kupanda kigoda. Vumbi jeupe likaanguka sakafuni pembeni ya viatu vyangu. Chokaa ya stoo.

Alikung'uta mpaka ikaisha, akaenda kukaa na beseni lake.